Kamera za mkanda ukiwa mwisho wa reli: kuchagua, kufufua na kusafisha picha mwenyewe

Hii nawaandikia wa Kigoma na wengine wote mnaokaa mbali na fundi kamera, maana ushauri mwingi wa kamera za mkanda umeandikwa na watu ambao kamera ikigoma wanaipeleka mtaa wa pili. Sisi huku fundi wa karibu ni fundi simu na fundi saa, na kusafisha mkanda ndo usiulize. Kwahiyo kanuni yangu ni moja na karibu yote nitakayosema yanatoka humo: usichague kamera kwa jina wala kwa uzuri wa picha ulizoona kwenye simu, chagua ile ambayo ikizingua utaihudumia kwa vitu vya soko la Mwanga hapa Kigoma na duka la dawa.

Maana yake ni kamera ya chuma na springi, sio ya umeme. Mfano Zenit-E ya Mrusi, ilianza kutengenezwa 1965 pale Krasnogorsk na zilitoka zaidi ya milioni 3, nzito kama tofali lakini haina betri kabisa, mita yake ya mwanga ni ya seleniamu inayojiendesha kwa mwanga wenyewe. Spidi zake ni 1/30 mpaka 1/500 ya sekunde na B (inabaki wazi muda wote umebonyeza), basi, hakuna makeke. Mara nyingi inakuja na lenzi ya Helios 44-2, milimita 58 f/2, ambayo peke yake vijana wa kamera za kisasa wanaitafuta. Pentax K1000 nayo ni ya kuaminika, imetengenezwa toka 1976 hadi 1997, betri yake ndogo ni ya mita tu, ikiisha kamera inaendelea kupiga kama kawaida. Haina swichi ya kuzima mita kwahiyo ukimaliza kupiga funika lenzi, vinginevyo itakula betri mezani. Ukitaka ya mfukoni kuna Olympus Trip 35, hiyo nayo haina betri, na mwanga ukiwa hautoshi inanyanyua kibendera chekundu kwenye kidirisha na inakataa kupiga.

Canon AE-1 ni kamera nzuri, sibishi, lakini shata yake (mapazia ya ndani yanayofunguka na kufunga kupitisha mwanga) inaendeshwa na umeme, bila betri ya volti 6 haipigi hata picha moja, na bodi ya ndani ikiungua hapo umebaki na urembo wa kabatini. Ukipewa bure chukua. Kununua kwa hela yako ukiwa huku, mi nasema hapana.

Zinapatikana wapi? Masanduku ya wazee kwanza. Watumishi wastaafu, walimu, watu wa reli, studio zilizofungwa biashara simu zilipoingia. Mzee atakwambia "hiyo imekufa siku nyingi mwanangu", na hapo ndo inabidi uipime kabla hujakubali wala kukataa, maana nyingi hazijafa, zimeganda tu.

Kupima bila mkanda

Vuta mkono wa kusogeza mkanda mpaka mwisho. Ukivutika laini na ukafyatua ikalia, tayari una kitu. Ukigoma usilazimishe hata kidogo, mkono uliogoma inawezekana shata imeshavutwa tangu enzi za Mwinyi na inasubiri tu kufyatuliwa. Kwenye kamera za Kirusi jizoeshe kitu kimoja, vuta kwanza ndo ubadilishe spidi, usifanye kinyume.

Alafu fungua mgongo, elekeza lenzi dirishani, weka apacha (tundu la lenzi la kupitisha mwanga) wazi kabisa, fyatua kila spidi huku unachungulia kwa nyuma. Unatakiwa uone mwanga ukipita kila mara, eneo lote, sio nusu. Ukiona upande mmoja mweusi, pazia la pili linalikuta la kwanza njiani, mafuta yameganda. Kama simu yako ina video ya taratibu ya fremu 240 kwa sekunde, rekodi spidi ya 1/30: mwanga uonekane kwenye fremu kama 8 hivi. Ukikuta 15 ujue spidi imelala nusu. Spidi za juu simu haiwezi kukwambia kitu cha maana kwahiyo usijisumbue, mkanda wa kwanza utakwambia.

Usiku zima taa, washa tochi ya simu mbele ya kamera bila lenzi, na kioo kikiwa kimenyanyuka ikiwezekana, chungulia nyuma pazia likiwa limefungwa. Vidoa vya mwanga kama nyota ni matundu. Hii inazikumba sana kamera za Kisovieti zisizo na kioo ndani kama FED na Zorki, ukiziacha zimetazama jua lenzi inachoma pazia la kitambaa kama watoto wanavyochoma karatasi kwa miwani. Matundu madogo yanazibika kwa rangi nyeusi ya kitambaa, tone moja kwa ncha ya kijiti, acha ikauke siku nzima ndo uvute shata.

Lenzi sasa. Imulike na tochi kwa ubavu, sio kwa kutazama moja kwa moja. Vumbi kidogo halina neno. Ukiona kitu kama utando wa buibui au mizizi, hiyo ni kuvu, na sisi tunaokaa pembeni ya ziwa na mvua zetu za Novemba mpaka Aprili hilo ndo adui namba moja.

Magonjwa ya kawaida na dawa zake

Vifaa unavyohitaji vinaenea kwenye kopo moja. Bisibisi za fundi simu, kibano, pamba za masikio, vijiti vya meno, kipulizio cha mpira (kile cha kunyonyea kamasi za mtoto kinafaa sana, kikiwa kipya lakini jamani), spiriti ya isopropili ambayo mafundi simu wanasafishia bodi, na trei la mayai la kuwekea skrubu kwa mpangilio. Kila hatua piga picha kwa simu. Hilo la picha sisisitizi zaidi ya hapo, utajionea siku ya kurudishia.

Kutu ya betri. Fungua kifuniko, ukikuta ungaunga mweupe au kijani, hizo ni betri za alkalini zimevuja. Pamba yenye siki kidogo au limao, sugua, itatoa povu kidogo, futa kwa spiriti, kausha, malizia kwa kufuta na raba ya penseli mpaka chuma king'ae. Kamera nyingi zilizosemwa mita imekufa zinaamka hapo. Kuna moja ya kujua: kamera za miaka ya 60 na 70 nyingi zilitengenezewa betri za zebaki za volti 1.35 ambazo haziuzwi tena, ukiweka ya volti 1.5 ya sasa mita itakudanganya. Betri za vifaa vya kusaidia kusikia, namba 675, ni volti 1.4, zinakaribia kabisa, ila zikishabanduliwa stika zinaisha ndani ya wiki chache hata usipozitumia.

Sponji za kuzuia mwanga. Mlango wa nyuma una vijisponji vyeusi kwenye mifereji, na mbele ya kioo kuna kingine. Baada ya miaka 40 vinageuka lami. Ukigusa kidole kikatoka cheusi kinanata, ng'oa vyote. Lowesha na spiriti, subiri dakika, kwangua kwa kijiti cha meno taratibu huku umeinamisha kamera ili uchafu udondoke nje na sio kwenye pazia la shata. Badala yake nenda kwa fundi cherehani omba uzi mweusi wa sufu, ulaze ndani ya mfereji na gundi kidogo sana, na upande wa bawaba bandika kipande cha mahameli nyeusi. Hii kazi ni ya jioni moja na ndo itakayokuokoa na ile mistari ya rangi ya chungwa kwenye picha.

Na kioo cha ndani usikiguse. Narudia usikiguse kwa pamba wala kwa nguo, maana madini yake ya kuakisi yapo juu ya glasi, sio chini kama kioo cha kujitazamia nyumbani. Puliza tu. Doa likibaki liache, halionekani kwenye picha hata kidogo, kioo kinanyanyuka wakati wa kupiga.

Mafuta yaliyoganda ndo yenye maneno. Mnaijua Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani walipoizamisha 1916 wasiachie adui, mainjinia wake waliipaka mashine grisi nene kila mahali, na Waingereza walipoiibua 1924 wakakuta bado inafufulika, 1927 ikarudi ziwani. Sasa watu wakisikia hivyo wanadhani na kamera iliyokwama inataka mafuta. Hapana! Shata ni ya kinyume, mafuta ndo yaliyoikwamisha, zile grisi za zamani zimekauka zikawa gundi na ukiongeza ya cherehani juu yake, au WD-40 ambayo naona watu wanapulizia kila kitu, yatatembea mpaka kwenye majani ya apacha na kwenye glasi, na hapo umeharibu kilichokuwa kinapona.

Anza na dawa isiyo na gharama: mazoezi. Ifyatue ikiwa tupu mara nyingi nyingi kila jioni wakati unaangalia mpira, spidi zote, wiki nzima. Nyingi zinalegea zenyewe. Ikishindikana ndo unahitaji mafuta mepesi ya viberiti vya chuma vya kujaza, hizo naftha safi zinazokauka bila kuacha kitu, na lazima uagize Dar. Petroli ya bodaboda usijaribu, ina viongezeo na inaacha utando, bado sijasema habari ya moto. Tone moja moja kwa ncha ya kijiti kwenye majani ya apacha au shata ya jani (ile iliyo ndani ya lenzi), fyatua, futa, rudia, mpaka majani yakauke na yasinate. Usiku dirisha wazi, kibatari mbali.

Kuvu kwenye lenzi: kama ipo kioo cha mbele au cha nyuma kinachofunguka kwa ringi, kitoe, kioshe kwa haidrojeni peroksaidi ile ya asilimia 3 ya kuoshea vidonda, kisha maji na tone la sabuni ya vyombo, kausha kwa kitambaa laini. Weka alama ya penseli kwenye ukingo ujue upande upi ulitazama mbele. Kama kuvu imeshakula rangi ya kinga ya glasi alama itabaki, lenzi itapiga tu, itakuwa laini kidogo ukitazama jua. Kuvu iliyo katikati ya vioo vilivyogundishwa achana nayo.

Kinga yake ni rahisi kuliko tiba. Toa kamera kwenye ile mikoba ya ngozi, ngozi inanyonya unyevu na kuvu inaipenda. Weka kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakiti vya silika vya kwenye maboksi ya viatu, kila baada ya miezi kadhaa uvikaushe kwa moto mdogo. Na uipige jua kidogo, lenzi ikiwa wazi apacha wazi, ila pazia la kitambaa lisitazamane na jua moja kwa moja.

Usichofungua kabisa: kamera ndogo zenye flashi ya ndani. Kapasita ya flashi inashika volti kama 300 hata betri ikiwa nje, itakurusha. Hizo mwachie anayejua kuitoa chaji.

Kupiga bila kuamini mita

Mita za seleniamu zilizokaa kwenye jua miaka zimechoka, kwahiyo jifunze kwa macho. Jua kali la Kigoma, kivuli chako kina ukingo mkali: weka f/16 (hiyo ni namba ya apacha, ikipungua tundu linafunguka zaidi) na spidi inayokaribia namba ya ISO ya mkanda, yaani wepesi wake wa kunasa mwanga. Mkanda wa 200 spidi 1/250, wa 400 spidi 1/500. Mawingu mepesi nenda f/11, kivuli kikipotea f/8, wingu zito f/5.6, chini ya mwembe Ujiji f/4. Hayo ni ya katikati ya asubuhi mpaka alasiri, saa 1 jioni jua likizama upande wa Kongo mwanga unakimbia haraka sana, kila dakika chache fungua hatua moja (mfano f/8 kwenda f/5.6).

Ukienda Kibirizi dagaa wameanikwa, mchanga unameta, dagaa wenyewe wanang'aa, kamera yenye mita itaogopa huo weupe na sura za watu zitatoka masizi. Mtu mweusi kwenye mandhari nyeupe, fungua hatua moja au hata mbili. Mkanda wa negativu unasamehe mwanga ukizidi, ukipungua hausamehi. Omba ruhusa kabla ya kupiga watu, na bandarini na maeneo ya ulinzi usinyooshe kamera bila kibali, maana kamera ya zamani inavuta macho kuliko simu.

Kufunga mkanda fanya kivulini. Ncha iingie kwenye spuli, vuta mara moja mgongo ukiwa wazi uone meno yameshika matundu ya pande zote mbili, funga, fyatua mbili. Kisha kila unapovuta tazama kile kitufe cha kurudishia upande wa kushoto: kinazunguka? Basi mkanda unatembea. Hakizunguki, unapiga hewa. Ukifika mwisho usivute kwa nguvu, bonyeza kitufe cha kuachia, rudisha mpaka usikie imelegea, ndo ufungue.

Kusafisha kwa kahawa

Mikanda ya rangi inataka dawa ya joto la nyuzi 38 kamili kwa dakika 3 na sekunde 15, inawezekana nyumbani lakini mi naituma Dar. Nyeusi na nyeupe ndo utamu wenyewe, kwasababu dawa yake ya kwanza unaweza kuipika na Africafe. Sio utani. 1995 mwalimu Scott Williams na wanafunzi wake pale Rochester, Marekani walionyesha kwamba kahawa ikichanganywa na soda inasafisha mkanda, na kinachofanya kazi sio kafeni, ni asidi nyingine ya kwenye kahawa. Kahawa ya bei chee ya robusta inafanya vizuri kuliko arabika za wenye nazo, na Africafe inatengenezwa Bukoba, nchi ya robusta. Tumebarikiwa.

Kwa nusu lita ya maji: soda ya kufulia, yaani kaboneti ya sodiamu kavu, gramu 27, vitamini C ya unga gramu 8, isiwe vidonge vya machungwa vya kutafuna, kahawa ya unga ya papo hapo gramu 20. Kama soda ya kufulia huipati, chukua baikaboneti ya keki gramu 43, kaanga kwenye sufuria kavu kwa moto wa wastani huku unakoroga mpaka iache kuchemkachemka kama uji, inatoa maji na gesi inabaki kaboneti karibu gramu 27 hizo hizo. Magadi ya mawe ya sokoni yana chumvi na udongo, nguvu haitabiriki, yaacheni kwenye maharage. Mizani kama huna nenda kwa sonara.

Yeyusha soda kwanza, kisha vitamini C, itatoa povu, mwisho kahawa. Subiri dakika 5 mapovu yaishe. Harufu yake mtaniambia, wa nyumbani watadhani umeoza kitu. Vyombo visirudi jikoni.

Joto ni nyuzi 20 na hapa ndo penye shida maana maji yetu ya bomba yanatoka ya uvuguvugu. Maji ya mtungi wa udongo uliokaa upenuni usiku kucha yanakusogeza karibu, kisha kalisha chombo kwenye beseni lenye mfuko wa barafu mpaka kipimajoto kisome 20. Barafu isiingie ndani ya dawa.

Mkanda wa ISO 100 kama Fomapan 100: dakika 15. Tikisa mfululizo dakika ya kwanza, kisha geuza mara tatu kila dakika. Mikanda ya ISO 400 na dawa hii inapata ukungu, kwahiyo wengi wanaongeza chumvi yenye madini joto gramu 10 kwa lita kuutuliza, na chumvi hatujawahi kukosa, Uvinza si hapo tu. Anayetaka njia ya kiwandani achukue dawa ya Kodak ya D-76, mkanda wa Ilford HP5 Plus wa ISO 400 unasafishwa dakika 11 dawa ikichanganywa na maji nusu kwa nusu, nyuzi 20 vilevile.

Kabla ya hayo yote, kuingiza mkanda kwenye tanki (chombo cha kusafishia kisichopitisha mwanga) ni gizani kabisa, usiku, chumba kisicho na dirisha, simu ibaki nje. Umeme ukikatika mtaa mzima ndo siku yako hiyo. Fungua kopo la mkanda kwa opena ya soda, zungusha mkanda kwenye ringi ya tanki taratibu, ukishafunga mfuniko wa tanki unaweza kuwasha taa. Fanya mazoezi mchana na mkanda wa kuharibu mpaka vidole vijue vyenyewe.

Baada ya kahawa mwaga, suuza maji mara tatu, kisha fiksa, dawa inayofanya picha isiharibike tena kwa mwanga. Fiksa haina mbadala wa jikoni wa maana, agiza. Ipime kwanza, tumbukiza kipande cha ncha ya mkanda, hesabu muda mpaka kiwe angavu, mkanda wako uufikse mara mbili ya muda huo. Kuosha: jaza maji geuza mara 5 mwaga, jaza geuza 10 mwaga, jaza geuza 20 mwaga. Maji ya mwisho yawe yaliyochemshwa na kupoa, na tone la sabuni ya vyombo ili yasiache madoa.

Anika bafuni, sio sebuleni na sio nje, kiangazi vumbi letu jekundu litajigandisha kwenye mkanda ulio mbichi. Klipu mbili za nguo, moja juu moja chini iwe uzito. Masaa matatu hivi. Kisha weka negativu juu ya tableti au simu yenye skrini nyeupe, uinyanyue sentimita 2 kwa vipande vya kadibodi ili chembe za skrini zisionekane, piga na simu nyingine, geuza rangi kwenye Snapseed. Fiksa iliyochoka ina fedha ndani yake, isimwagwe mtaroni unaoelekea ziwani wala karibu na kisima. Iweke kwenye dumu lenye alama, watoto wasifike, na isipotumika tena itupie mabaki ya nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, baada ya siku kadhaa fedha inakaa chini kama tope jeusi.